Tarehe Niliyoikuta Imechapwa

Vijana wangu mnaoingia mitoni na neti, nawaandikia nikiwa kibarazani kwangu Kitendaguro, na magoti yangu yameshakataa maji baridi. Mwaka huu wenzenu wamenijia mara mbili kuniuliza jinsi tulivyokuwa tukipima madhara ya dawa ya kahawa kwa viumbe wa vijitoni. Niliwaonyesha namna ya kushika neti, nikawachekesha kidogo, wakaenda zao wameridhika. Jambo lenyewe sikuwaambia. Walinishukuru sana, na shukrani zile zilinikaa vibaya hadi nikaamua kuandika.

Mnivumilie nianze na mepesi. Mtu anayekwenda kukiri hapiti njia ya mkato.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne. Nilichukuliwa kwenye mradi kwa sababu nilijua Kihaya, nilijua vijito, na niliweza kuandika namba zinazosomeka. Kazi ilikuwa hivi: vijito vinne, viwili vinapita chini ya vibanja vya kahawa vinavyopuliziwa dawa, kimoja Izimbya na kimoja Muleba, na viwili vinapita mahali ambapo hakuna anayepulizia. Tunachukua wadudu wa kwenye mawe kabla ya kupulizia, kisha siku mbili baadaye, kisha majuma mawili, kisha mwezi. Tunawahesabu. Kama dawa inaua, vijito vya dawa vitashuka na vile vingine vitabaki vilivyo. Ukilisikia hivyo unaliona ni jambo la mtoto wa darasa la tano.

Bosi wangu alikuwa mtakwimu, Bwana Shayo, Mchaga mrefu aliyepanga nyumba Rwamishenye na hakuwahi kuizoea mvua yetu. Alinifundisha mambo ambayo bado nayatumia hata kanisani tunapohesabu viti. Andika kwa penseli, kwa sababu spiriti ya kuhifadhia wadudu inafuta wino, na chupa isiyo na jina ni mchuzi tu. Anza chini ya kijito upande juu, usije ukawapima wadudu uliowatimua mwenyewe. Sugua mawe kwa miguu kwa muda uleule kila mahali, hata kama maji yanakata kama wembe.

Watu walinicheka. Mama mmoja wa Izimbya alichungulia trei yangu akaniuliza kama nitawakaanga. Nikamwambia hawaliwi. Akasema, basi wewe una shida, senene wapo angani, una haja gani ya kuwafuata hawa wasio na hata mafuta.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la uvivu. Shayo alitaka sampuli tano kutoka sehemu tano za kijito. Asubuhi moja maji yalikuwa baridi mno, nikachukua neti moja kubwa, nikaimimina kwenye trei, nikaigawa mafungu matano kama mama anayepakua ugali. Chupa tano, lebo tano. Alipozihesabu akaniita. Chupa zote zilifanana kama mapacha.

Hakunigombeza. Alisema kijito hakifanani na uji. Hapa penye jiwe wapo wengi, pale penye mchanga wachache, na ni kule kutofautiana kunakomwambia mtu aamini kiasi gani. Ukinifichia kutofautiana, akasema, umenifanya nijiamini bure. Kisha akaongeza lililonichukua miaka kulielewa: hata chupa tano za haki bado ni kijito kimoja. Ukijaza chupa mia kutoka Muleba, umekijua Muleba, hujajua dawa inafanya nini kwa vijito. Sisi tulikuwa na viwili tu vya dawa. Kimoja kikidanganya, nusu ya ushahidi imedanganya.

Mnaona sasa, nilikuwa nimeshaambiwa. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Aliniuliza pia kama nakumbuka vitabu vya logi vya sekondari. Nilivikumbuka kwa fimbo. Akasema wale mabuu wekundu wa kwenye tope ni mamia, wale wadogo wenye mikia mitatu ni kumi au saba, na ukijumlisha hivihivi wenye kelele watawazima wapole. Kwa hiyo anachukua logi ya kila hesabu, ili anayepiga kelele ashushe sauti na mpole asikike. Sifuri haina logi, hivyo anaongeza moja kwanza. Niliipenda hiyo. Niliwaza, laiti mikutano ya kijiji ingekuwa na logi.

Na sasa nifike Muleba.

Mradi ule haukuja kwa hewa. Kulikuwa na mama mmoja pale kijijini, Ma Kokuhirwa, ambaye yeye na mumewe, Mzee Kamugisha, walichimba bwawa la perege mwishoni mwa kibanja chao na kulilisha kwa mfereji kutoka kijitoni. Kila wakulima wa juu walipopulizia kahawa na kuosha mabomba yao ya mgongoni kwenye kijito, yeye alisema samaki wake hufa. Wakulima walisema samaki hufa kwa njaa maana ni wa mwanamke mchoyo. Maneno yalifika kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano ukakubaliana: wataalamu wanakuja kupima. Wakisema dawa inadhuru, mabomba yataoshwa nchi kavu, mbali na maji. Wakisema haidhuru, Ma Kokuhirwa anyamaze. Yeye mwenyewe alisema anakubali. Kwa hiyo bwawa lake na neno lake vyote viliwekwa kwenye chupa zangu.

Shayo alikuwa na utaratibu. Fomu zote na lebo zote zilitoka Bukoba mjini zimeshachapwa: jina la kijito, namba ya kituo, tarehe. Kazi yangu ni kujaza hesabu tu. Chini ya fomu palikuwa na nafasi ndefu iliyoandikwa "Maelezo". Sikuwahi kuijaza. Nilidhani ni kwa ajili ya wasomi.

Wakapulizia Jumatatu. Sampuli ya siku mbili baadaye ilikuwa Jumatano. Jumanne asubuhi Ma Kokuhirwa alikuta perege wake wakielea matumbo juu, na hakupata wa kumwambia, kwa sababu mumewe alikuwa kitandani anakata roho. Mzee Kamugisha alifariki jioni ile.

Nilifika Jumatano asubuhi na neti begani, nikakuta watu wamejaa uani. Kwetu, akiwapo maiti, jembe halishikwi. Hulimi, huvuni, huchoti udongo, unakaa na wafiwa mpaka azikwe, na kwa watu wa karibu mpaka matanga yaanuliwe. Kijito kinapita chini kabisa ya kibanja cha marehemu. Nikijiona mimi, mtu wa Kihaya, nikipita mbele ya wafiwa na neti na buti za mpira kwenda kusugua mawe, nilijua ningeimbwa kijiji kizima. Nikaacha neti na begi jikoni kwa jirani, nikakaa chini na wanaume.

Watoto walisubiriwa kutoka Dar es Salaam na Mwanza. Tukazika Jumamosi. Mimi nilikuwa mmoja wa wabeba jeneza, hivyo nikahesabiwa miongoni mwa watu wa karibu. Matanga yakaanuliwa Jumatano ya pili, na katikati mvua ilinyesha sana mara mbili. Alhamisi ndiyo nikashuka kijitoni.

Mawe yalikuwa na wadudu. Nilifurahi, niwaambie ukweli, maana niliogopa kukuta patupu nikaulizwa maswali. Lakini niliona kitu. Wote walikuwa wadogo, wadogo kama chembe za ulezi. Mtu aliyezoea kijito anajua maana yake: wakubwa wameondoka, hawa wametoka juu wameletwa na maji juma hili. Wadudu wa mtoni husafiri, mkondo unawashusha, na nyumba ikiwa tupu wageni wanaingia. Ila fomu iliuliza idadi. Haikuuliza umri.

Nikajaza idadi. Tarehe ilikuwa imeshachapwa, ile ya Jumatano iliyopita. Sikuikata. Kwa miaka mingi nilijiambia sikuandika uongo wowote, niliukuta umeandikwa. Vijana, msije mkajipa faraja ya namna hiyo. Uongo ulioukuta ukaupitisha ni wako.

Kwa nini sikumwambia Shayo? Kwanza nilikwisha kukamatwa na zile chupa za mapacha, nikaogopa kukamatwa mara ya pili. Lakini kubwa zaidi lilikuwa aibu. Niliona nitamwambia nini mtu wa digrii, kwamba sayansi yake ilisimama siku nane kwa sababu Wahaya hawashiki jembe kukiwa na msiba? Niliona atatucheka. Nikachagua kuonekana mtu wa kisasa.

Zamu ya kuchambua ilipofika, Shayo alikuwa na karatasi yenye mistari minne, kila kijito na mstari wake unaopanda na kushuka kwa tarehe. Vile viwili visivyo na dawa vilikwenda karibu sawasawa. Cha Izimbya kilianguka baada ya kupulizia, kisha kikapanda polepole. Cha Muleba kilikaa pale pale kama hakikusikia kitu.

Aliuangalia mstari ule siku tatu. Alihesabu upya chupa. Aliuliza kama labda Muleba hawakupulizia kweli, nikasema walipulizia. Mwishoni akavua miwani akaniuliza kwa upole kabisa:

"Eliezeri, siku ile ya pili pale Muleba, kulikuwa na jambo?"

"Hapana," nikasema. "Hakukuwa na jambo."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyasema mara moja tu, na nimeyasikia kila siku tangu hapo.

Basi ukichukua kijito kimoja kilichoanguka na kimoja kilichosimama, hesabu haiwezi kuamua. Wastani unaonyesha mteremko kidogo, lakini shaka ni pana kuliko mteremko wenyewe. Shayo aliandika kama mtu mwaminifu anavyoandika: hawakuweza kuona tofauti iliyo wazi.

Tukaenda kusoma matokeo kwenye mkutano wa kijiji. Shayo alisimama akaeleza kwa Kiswahili chake kizuri kwamba kwa vijito tulivyopima hatukuona tofauti iliyo wazi, lakini kutoona si sawa na kutokuwapo, huenda madhara yapo nasi tulipima vijito vichache. Wazee wakaguna. Mwenyekiti akaniomba nitafsiri kwa Kihaya.

Hapa ndipo nilipokosa mara ya tatu, na hili silifichi nyuma ya msiba wala fomu. Watu walichoka, jua lilikuwa kali, na moyo wangu ulitaka jambo liishe. Ile "hatukuona" ya Shayo, yenye lakini yake na huenda yake, niliigeuza maneno machache ambayo kwa Kiswahili ni haya: dawa haina neno. Shayo hakuelewa nilichosema. Alitikisa kichwa kukubali.

Watu wakapiga makofi. Bwana mmoja wa wale wapuliziaji, Rwegasira, mtu wa mzaha siku zote, akamgeukia Ma Kokuhirwa.

"Ma, basi samaki wako walikufa kwa huzuni. Walimlilia mzee."

Mkutano mzima ukacheka. Yeye alikuwa bado na nguo za msiba. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kumjibu mtu. Alipopita mbele yangu aliniangalia, akaniamkia kwa heshima kama ilivyo desturi, na mimi nikaitikia.

Tangu siku ile watoto walimwita Mama Samaki wa Huzuni. Mabomba yakaendelea kuoshwa kijitoni, sasa mchana kweupe, kwa idhini ya sayansi. Perege walikufa tena, mara mbili, na hakumwambia mtu. Akafungua bwawa, maji yakatoka, akapanda magimbi.

Miaka ikapita kumi na zaidi. Mimi nikaendelea na kazi katika miradi mingine, nikawa hodari, nikaitwa Fundi. Nilifundisha wengi. Kila kijana niliyemfundisha nilimkazania kitu kimoja, aandike tarehe kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amesimama kwenye maji. Waliniona mkali. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nilipostaafu nikakosa kazi ya kujificha nyuma yake. Nikampigia simu Shayo, naye amestaafu yuko kwao Moshi anafuga ng'ombe wawili. Tuliongea kwanza habari za ng'ombe. Kisha nikamwambia kwamba siku ile aliniuliza kama kulikuwa na jambo, na kulikuwa na jambo. Nikaeleza yote.

"Eliezeri," akasema, "ulidhani sisi Wachaga tunazika huku tunalima?"

Akaendelea:

"Pale chini kwenye maelezo ungeandika neno moja. Msiba. Ningejua la kufanya. Sampuli iliyochelewa haitupwi, inawekwa kwenye siku yake."

Niliogopa kuchekwa na mtu ambaye angekaa uani pamoja nami. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Shayo alikuwa na karatasi zake bado. Baada ya majuma machache akanipigia. Aliihamisha Muleba kwenye tarehe yake ya kweli, siku ya kumi badala ya siku ya pili, na mstari ukaacha kubishana na ule wa Izimbya, ambao nao kwa siku za aina hiyo ulikuwa umeshaanza kupanda. Nikashangilia. Akanizuia. Alisema hilo halithibitishi kwamba kijito cha Muleba kilikufa. Siku ya pili ya Muleba haipo. Hakuna aliyeitazama, na hakuna hesabu duniani inayoweza kuirudisha. Tunachoweza kufanya kwa haki ni kufuta yale tuliyosema.

Nilifikiri sana maneno hayo, hakuna aliyeitazama. Halafu nikakumbuka kwamba yupo aliyetazama. Asubuhi baada ya kupulizia, mtu mmoja alisimama kando ya maji yale akaona kilichotokea, na ndiye tuliyemcheka.

Nikapanda gari kwenda Muleba. Ma Kokuhirwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini masikio yake ni mazima. Alinikaribisha, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Nikasema lililonileta.

"Nilikuona," akasema. "Alhamisi ile, matanga yameshaanuliwa. Nilikuwa mlangoni. Nikajiuliza, huyu anakwenda kumtafuta nani mle, wenyewe wameshakufa juma zima?"

"Ma, mbona hukusema mkutanoni?"

"Ulikuwa umembeba mume wangu. Ningeanzaje kukuumbua mbele za watu?"

Nilipiga magoti. Alinitazama kidogo kisha akaniambia niinuke, magoti yangu yenyewe mabovu. Nikamwomba msamaha. Akatafuna kahawa yake taratibu.

"Umeniambia mimi, vema. Lakini mimi sikuitwa mwongo hapa sebuleni."

Nilielewa. Nikamwona mwenyekiti, ambaye sasa ni kijana ambaye baba yake alikuwa mwenyekiti enzi zile. Alikuwa na mashaka, akaniuliza faida ya kufukua mambo ya zamani ni nini. Nikamwambia mabomba bado yanaoshwa kijitoni leo hii, nimeyaona nikija. Akanipa nafasi mwisho wa mkutano, baada ya habari za choo cha shule.

Niliomba kusema kwa Kihaya, kwa sababu uongo niliusema kwa Kihaya. Nikawaambia kwamba mtakwimu hakusema dawa haina neno, mimi ndiye niliyesema. Nikawaambia sampuli ya kijito chao ilichukuliwa siku nane baada ya wakati wake, na nilificha. Nikawaambia hatukujua wakati ule na hatujui sasa kiasi gani kilikufa siku ile, kwa hiyo wasiseme tena kwamba wataalamu walithibitisha usalama wa kuosha mabomba kwenye maji. Rwegasira alikuwapo, mzee kama mimi. Alianza mzaha, akauacha njiani. Mtu mmoja akauliza kwa hasira kama wameoshea sumu kwenye maji ya watoto wao miaka yote kwa neno langu. Nikasema huenda ndiyo. Sikuongeza kitu, maana kila nililotaka kuongeza lilikuwa la kujitetea.

Nikafika mwisho. Nikasema kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyeona kwa macho yake, akaitwa mwongo, na alikuwa akisema kweli.

Kutoka mstari wa nyuma, Ma Kokuhirwa akanena bila kusimama.

"Ana jina huyo mtu."

Watu wote wakageuka kumtazama, kisha wakanigeukia mimi. Nikavua kofia. Nikalitaja, lile la ubatizo na lile la Kihaya na la mumewe, polepole, kama linavyosomwa jina mbele ya watu: Leokadia Kokuhirwa, mjane wa Kamugisha. Na kwa kuwa hakuna aliyepiga makofi, nikalitaja tena.